Salamu Kabla ya Namba

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye mguu umepungua uvimbe. Mwili wangu hauna neno, ila roho inachemka, na nisipokumwagia yote nitapasuka. Nimempa barua dereva wa lori linalopita huko, kwa sababu nikikupigia mama husikiliza, na najua hujamwambia habari za jicho. Je, linaendeleaje? Usinifiche tena.

Daktari amesema ukiahirisha upasuaji mara nyingine jicho hilo halitaona. Najua huwezi kulazwa ukamwacha mama peke yake, na kwamba unanisubiri mimi. Ndiyo maana nilimwangukia bosi aniruhusu kufanyia kazi huko nyumbani, niwe naifungua kompyuta yangu ya ofisini nikiwa kando ya kitanda cha mama. Akakubali. Fundi akaja, akaweka njia ya faragha kwenye mtandao ambayo mtu wa nje hawezi kuichungulia, neno la siri refu, na juu ya hilo namba inayotumwa kwenye simu kila ninapotaka kuingia. Namba hiyo hufa baada ya nusu dakika. Hapo sina ugomvi. Humo ndimo ninamopangia malori yetu na mizigo ya watu, lazima ilindwe.

Ugomvi ni simu ya nani. Fundi aliposema namba itumwe kwangu, bosi akaruka. Ofisi ni yake, akasema, basi ufunguo ukae mfukoni mwake. Si bure tunamwita Mzee Kufuli. Hata sukari ya chai ameifungia kabatini. Nikasema haya, yaishe, nitakuwa nampigia anisomee.

Weee! Dada, mzee huyu hawezi kutamka namba kabla ya salamu! Wiki nzima nimejaribu nikiwa chumbani kwangu. Napiga, anapokea, anataka kujua nimeamkaje. Salama. Na nyumbani? Salama. Na mama, mguu je? Haujambo, mzee, namba tafadhali. Na dada yako, jicho lake? Ndipo anaanza kutafuta miwani. Akija kusoma tarakimu ya kwanza, namba ilishakufa zamani. Naomba nyingine, nampigia tena, na kwa kuwa ni simu mpya anaanza upya na habari za asubuhi! Huku madereva wamejaa getini wakisubiri ratiba zangu, na wanaotukanwa si yeye, ni mimi.

Juzi nilimwambia waziwazi kwamba salamu zije baadaye. Akanijibu kuwa yeye hakulelewa hivyo, kumrukia mtu na tarakimu kama polisi. Kisha, mbele ya ofisi nzima, akatangaza kwamba jaribio limeshindikana na safari yangu isubiri mwezi ujao. Mwezi ujao! Jicho la dada yangu lisubiri salamu zake! Nikaenda kujifungia chooni nisije nikamvunjia heshima.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usinigombeze. Jana nilimfuata mezani kwake, tukasalimiana mpaka salamu zikatuishia, miwani iko puani. Nikaomba namba moja ya mwisho. Akanisomea vizuri kabisa. Kwa namba hiyo niliingia kwenye mipangilio, nikaitoa simu yake, nikaweka yangu.

Leo asubuhi nimeingia nikiwa chumbani kwangu, bila kumpigia mtu. Ratiba zikatoka, malori yakaondoka. Mara simu ikaita, ni yeye. Nikajiandaa kwa salamu. Hakunisalimu! Alisema miwani ameivaa tangu alfajiri, simu anayo mkononi, ila namba haijafika, niiombe upesi asije akanichelewesha.

Nilikuwa nimemwekea maneno makali, dada, nikayaacha. Nikamwambia ukweli. Nikajua kazi sina tena. Halafu akasema nilichofanya ni wizi, na nikirudi tutaonana macho kwa macho. Lakini mpaka utakapofunguliwa bandeji, ufunguo ukae kwangu. Kisha, kwa kuwa sasa hakuna haraka, akauliza mama ameamkaje.

Hasira bado ninayo, lakini nilimjibu salamu zote.

Jumapili niko mlangoni. Jumatatu wewe nenda ukalazwe. Mpe mama shikamoo yangu, majirani wote wasalimie. Mzee Kufuli naye anakusalimu, anamsalimu mama, anaulizia jicho. Amekataa kukata simu mpaka nimeandika.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba