Kitabu Anachokilinda Adera

Kihanga, Jumanne, Novemba 1986

Baba Adera bado anakohoa, bibi mzima, pacha wazima. Moyo wangu uko kwa mwanangu Adera.

Shemeji Projesti karudi leo kutoka Dar, alimkuta maktaba ya chuo. Kazi yake kutunza vitabu wanavyofundishia wahadhiri. Kuna kitabu kiko kimoja tu na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo kinasomewa palepale mbele yake. Sasa mhadhiri mwenyewe kakipeleka nyumbani na hakirudishi. Mtihani umekaribia, na mkubwa wao wa maktaba kasema kisiporudi, Adera hana kazi.

Shemeji akacheka. "Mwanao analinda kitabu kama wewe na mtumbwi wako wa kukamulia rubisi."

Sikucheka. Mtumbwi ule wa ndizi za pombe wanauazima majirani wote. Mtu akiukalia, naenda kukaa uani kwake, chakula chake sili, mpaka aone haya autoe.

Lakini Adera kwenye ua wa msomi... Tangu mdogo nikimtuma kuudai alikuwa anaamkia tu, anarudi mikono mitupu.

Mwamkie shikamoo, mwanangu, halafu usiondoke. Na neno lako nilipate upesi, ingawa haya ninayoandika hapa huyasomi.