Buluu Ndani ya Tangi

Mume wangu mdogo Saidi,

Marahaba, mjukuu wangu. Umepata mpinzani! Babu yako mpya, Bakari, ananichemshia chai huku akiimba. Ndoa ina mwezi mmoja, nami na uzee huu bado namwonea haya kama msichana.

Unauliza kwa nini nilimbishia baba yako hospitalini, aliposema, "Mama, saratani ya kizazi si mchezo, watoe tezi zote za jirani nacho."

Nikiwa kidato cha pili hapa Newala, tangi la maji ya mvua la shule, lililojengwa chini ya ardhi, lilivuja. Wakubwa walitaka kulivunja lote. Nikamwaga buluu ya kufulia ndani, nikazunguka nje mpaka nikaona udongo uliolowa buluu. Tukachimba na kuziba pale tu. "Mtoto mkaidi," mwalimu alisema, akicheka.

Basi daktari aliposema atatoa kizazi, ila kwanza atadunga rangi aone tezi zipi zinaipokea mwanzo, maana saratani ikivuja hupitia hizo kwanza, azipime hizo, na zikiwa safi aziache nyingine, nilipaza sauti, "Buluu!" Alinieleza kwamba kutoa zote kungeweza kunivimbisha miguu maisha yangu yote.

Bakari, wakati huo mchumba, akasema, "Ukivimba nitakubeba."

"Hunibebi," nikamjibu. "Tutacheza."

Tezi mbili zilipimwa, zikawa safi. Ya kesho siyajui. Lakini harusini nilicheza pekupeku mpaka wapiga ngoma wakaomba kupumzika, na aliyenishikia viatu ni baba yako.

Bibi yako, tena bibi harusi