Doa kwenye almasi

Jumatano, Bukoto

Sikufukuzwa kazi.

Asubuhi nilipokuwa nasafisha maabara nilikuta mezani kwa Dokta Nakato kipande chembamba cha almasi, alichokuja nacho kutoka ng'ambo kwa ajili ya kufundishia. Katikati kilikuwa na doa la kijivu. Nikalifuta kwa kitambaa. Likagoma, nikatia mate.

Dokta akaingia. "Mzee Otieno! Ssebo, bwana wangu, unafanya nini?"

"Naondoa uchafu."

Akaketi kwanza. Akasema lile doa ni maduara yaliyochongwa, membamba kuliko unywele, ya kukusanya miali mikali ya eksirei. Vitu vingine huungua, almasi huvumilia. Nikajua kazi yangu imekwisha, na nyumbani Siaya wananitegemea mimi tu.

Akakiweka kile kipande chini ya hadubini, akachungulia.

"Yamevunjika machache ya pembeni. Kwa kufundishia kinatosha. Njoo uone ulichokuwa unafuta."

Nikainama. Duara ndani ya duara, na juu yake mate yangu yamekauka.

"Nikisafishe?"

"Mzee, usikiguse tena hata kikikuita jina!"

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Miaka yote hii nalipwa kuondoa madoa. Leo nimepona kwa sababu doa moja lilikataa kutoka.