Udongo wa Penye Kigingi

Shinyanga, Jumanne, Machi 1953

Mvua imekatika saa tisa, jua likatoka, na mimi sina raha nalo. Afadhali ingeendelea kunyesha.

Asubuhi wamemhoji Mzee Salum, fundi mwashi wetu, juu ya ukuta wa zahanati ya Didia. Leo ni siku ya nane tangu uanguke ukamuua Mama Shija, aliyekuwa akituchotea maji ya kukorogea saruji. Ofisini wamekwisha kuamua kwamba Mzee Salum alipunja saruji akauza mifuko. Kesho karatasi zinapelekwa polisi.

Mzee Salum hakuuza hata kiganja cha saruji. Ukuta ule umeangushwa na uvivu wangu.

Kiangazi kilichopita Bwana, mwenye ofisi yetu ya kuchora majengo, alinituma Didia na mtaimbo na mifuko mitatu. Nichimbe pale alipoweka kigingi, nimletee udongo aupime, ndipo aamue kina cha msingi. Kigingi kilikuwa mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, na mbuga ya kiangazi ni ngumu kama chuma. Nilipiga mtaimbo mpaka viganja vikachubuka. Halafu lori la Geita lilikuwa linaondoka saa nane, nami nilitaka sana kufika kule kwenye makambi ya wachimbaji tuliyokuwa tunayachora, nionekane mtu. Basi nikapanda juu kidogo, hatua kama mia, kwenye luseni, mchanga wetu wa kulimia mihogo. Nusu saa tu, mifuko imejaa. Nikaandika lebo kwa mwandiko mzuri: Didia, penye kigingi.

Mimi ni Msukuma, mwana wa mkulima. Kwetu hata mchunga ndama anajua kwamba mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija. Mama yangu husema mbugani ni pa mpunga, si pa kitanda. Bwana asijue, sawa, hakuzaliwa huku. Mimi je?

Bwana akachora msingi mfupi, wa kutosha mchangani. Ramani ile niliinakili kwa wino mimi mwenyewe.

Mitaro ilipochimbwa, Mzee Salum aliona udongo mweusi akasimamisha kazi. Bwana alikuwa Geita, kwa hiyo akanijia mimi. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika timazi wakati sijui hata ukuta ulionyooka ukoje.

"Mwanangu, mimi mtu wa Tabora," akaniambia. "Ardhi ya huku wewe ndiye unayeijua. Nijenge?"

Nikamjibu kwamba udongo umeshapimwa, ajenge.

Akajenga. Bwana alipokuja kukagua, mitaro ilikuwa imefukiwa zamani.

Leo kwenye mahojiano niliwekwa kuwa mkalimani. Nilikaa nikingoja anitaje. Naona haya kuandika haya, lakini nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukana. Bwana akauliza kama kuna mwingine anayehusika. Mzee Salum akanitupia jicho mara moja tu.

"Ukuta nimeujenga mimi," akasema. "Msimtafute mwingine."

Nikatafsiri neno kwa neno.

Tulipotoka nje nilimwamkia shikamoo, kwa mazoea tu. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Nikazunguka nyuma ya stoo nikalia.

Mchana nilidandia lori lililokwenda Didia kuchukua mbao zilizobaki. Mvua ilikuwa imelainisha mbuga ikawa kama ugali wa moto. Kazi niliyoikimbia kiangazi ilinichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara moja, na mfuko ukajaa. Mtungi wa Mama Shija bado uko pale kando ya kifusi, umejaa maji ya mvua. Nilitaka kuumwaga nikashindwa.

Nimerudi jua likizama, nikaingia ofisini, nikauweka mfuko juu ya meza ya Bwana. Ni mzito, na umechafua karatasi zake. Kwenye lebo nimeandika kwamba huu ndio udongo wa penye kigingi, kwamba ule wa kwanza niliuchimba pengine, na kwamba Mzee Salum aliponiuliza nilimwambia ajenge. Nikatia jina langu kamili.

Najijua lakini. Woga wangu huamka mapema kuliko mimi. Kwa hiyo funguo zangu nimeziacha mezani kando ya mfuko, nikauvuta mlango mpaka kitasa kikajifunga. Funguo nyingine anazo Bwana peke yake.

Mama Shija hatafufuliwa na lebo, hilo nalijua.

Ila kesho, kabla Bwana hajafika, nitakwenda kwa Mzee Salum nimweleze kwa mdomo wangu mahali nilipochimba. Nitaanza na shikamoo. Nikishamaliza kusema, nitamwamkia tena siku nyingine, na nyingine.

Sijui kama ataitikia.