Najibanza Ukutani Kumsikiliza Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Wini, naomba unisaidie, maana hili siwezi kumwambia mchungaji wala chifu, mimi nimezaliwa mjini Luganville nikaja kuoa huku kisiwani Malekula kwa wazee wangu, na mila yetu unaijua, mama mkwe akitokea njiani naingia kichakani, siongei naye, jina lake silitaji, na hayo nayashika, shida ni kwamba lugha ya babu zangu, ambayo baba hakunifundisha, kijiji kizima anayeijua yote sasa ni yeye tu, sisi wengine ni Bislama ya madukani basi, na kila asubuhi akilisha kuku wake anaizungumza, nami najibanza nyuma ya ukuta wa mianzi na daftari langu, naandika, nimeshapata majina thelathini na mawili ya viazi vikuu, maana maskini uzee umemwingia, anasema polepole, anainua kiazi juu, anakitaja hata mara tatu, na siku nikikosa neno jipya hata laplap ya viazi aliyopika mke wangu hainipiti kooni.

Juzi mke wangu Merelyn akanifuma. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Lino, wenzako wanachungulia wasichana, wewe unamchungulia bibi wa miaka themanini na kuku wake!" Kisha akanuna, akasema chifu akijua atatutoza nguruwe, na aibu itakuwa yake. Shangazi, mimi ni mwizi? Nikiacha, mama akifa anaondoka na maneno yote.

Mkwe, Malekula

Wewe Mkwe,

Pole, na uache ujinga. Kuku gani anainuliwa kiazi na kutajiwa jina mara tatu? Huo si uzee. Mama anajua upo hapo, na anakufundisha kwa njia pekee ambayo mila imemwachia. Mwalimu ana miaka themanini na mwanafunzi haulizi swali hata moja! Hapo ndipo uliponiudhi.

Mila imekukataza kusema naye, haikukukataza kusema na mkeo. Kesho asubuhi Merelyn akae mlangoni achambue mboga, wewe kaa palepale ukutani umuulize yeye, kwa sauti: "Mke wangu, kiazi hiki kinapandwa lini?" Hatajua. Mama atawajibu kuku. Mtaona haya siku mbili tatu, vumilieni. Merelyn naye aache kununa, hiyo ni lugha ya mama yake, ashike kalamu. Chifu akitaka nguruwe, mtoeni bila ubishi.

Lakini swali la kwanza kabisa kwa mkeo liwe namna ya kusema asante kwa lugha hiyo. Ukishajibiwa, mwambie mkeo asante hiyo, kwa sauti ya kufika uani.