Kura ya Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na shemeji amepunguza ubishi. Sisi tupo. Mimi bado natengeneza saa palepale dirishani, na mama ni mzima, ila macho ndiyo hayo, haoni zaidi ya mwanga.

Umeuliza uchaguzi ulikwendaje. Sheria mpya unaijua: usipopiga kura unaitwa ofisini kujieleza. Unajua pia nilivyoishangilia, maana hawa wanaobaki majumbani ndio wanaotuponza. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wagombea wote wawili amewasikia redioni na hamtaki hata mmoja. Kama ni lazima aende, ataenda, lakini karatasi yake itaingia sandukuni tupu.

Asiyeona anaruhusiwa msaidizi. Jirani yetu msusi akajitolea haraka mno, nikaingiwa na wasiwasi. Tangu lini yule akaacha wateja wake bure? Nikamwambia ahsante, mama ana mwanawe. Kituoni nako sikumwamini mtu. Karani alilikagua jina la mama mara mbili, sijui akitafuta nini. Wakala mmoja alimshika mama mkono kwa upole ambao sikuupenda, nikamwondoa.

Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Nikimpa mama dawa, anazishikilia mpaka msusi apite amsomee chupa. Barua yako nilimsomea vizuri kabisa, na jioni nikamkuta msusi anamsomea upya. Nikajua tu, huyu ndiye anayemjaza mama maneno. Nikamfuata saluni, nikamuuliza kwa ukali anamwambia mama nini juu yangu. Akajibu bila kuacha kusuka kwamba hajasema lolote, mama ndiye humwomba asome, tena polepole.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Kule kwenye kibanda cha kura mama aliniambia nikunje karatasi nimpe. Nikaiona picha ya mgombea wangu, nikaona nafasi inapotea bure, nikatia alama. Mama akauliza kalamu inaandika nini. Nikasema najaribu wino. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi. Aliitumbukiza mwenyewe, akaomba nimrudishe nyumbani.

Mgombea wangu ameshinda kwa maelfu ya kura. Ile moja wala haikuhitajika. Nilikuwa nawatilia shaka watu wote pale kituoni, kumbe mwizi alikuwa mimi. Mama haniulizi, nami sina ujasiri wa kumwambia. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Njoo, hata kwa siku mbili, ukae kati yetu.

Nisalimie shemeji na watoto. Salamu za mama nilizoea kuziandika hapa chini. Safari hii nilipomwomba, aliniambia nisijisumbue. Amempa msusi aziandike, zitakuja kwa bahasha yake.

Mdogo wako,
Fundi Saa