Saa Yetu Bwawani

Jumanne, 4 Machi

Naandika mbio, utanisamehe mwandiko. Wamekubali! Si moja kwa moja — lakini wamekubali! Diwani kapiga simu ofisini mwenyewe, mimi mdomo umejaa mkate. Wanawake wa Chama cha Majirani, sisi wageni wa mji huu, tutapewa bwawa la manispaa saa moja kwa wiki. Jumapili asubuhi, wanawake peke yao, vioo vyote vimefunikwa mapazia. Miaka miwili tumebisha hodi kwenye mlango ule!

Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu mwenye sauti ya king'ora, kanikumbatia hadi miwani yake ikaanguka. Tukapiga vigelegele. Dobi wa chini akagonga dari kwa ufagio. Sakafu yetu ni mbao tupu. Akipiga pasi sisi tunasikia, tukicheka yeye anasikia.

Kumbe kuna sharti. Lazima awepo mwokoaji mwanamke, mwenye cheti. Waokoaji wa bwawa ni wawili, wote wana ndevu. Pesa ya kuajiri mwingine baraza halina. Tumlete wetu, na cheti kifike kabla ya kikao cha Ijumaa tarehe 28. Kikao kikipita, tusubiri mwakani.

Nilipofika nyumbani Mama mkwe alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, ndiyo mtindo wake siku hizi. Magoti. Daktari kamwambia ni mazoezi ya majini au kiti cha magurudumu. Naye kamjibu daktari kwamba heri hicho kiti kuliko kuvua nguo mbele ya wanaume. Leo nimempa habari, kashuka mpaka ngazi ya mwisho. Halafu akauliza: hayo maji yenyewe ni ya moto au ya baridi?

Nimeihesabu kuwa ni ndiyo!

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Ukumbi ulijaa. Napenda sana mikutano yetu — neno moja linapita kwenye lugha nne kabla halijafika benchi la nyuma. Utani ndio burudani. Mbele wanacheka, kisha katikati, na nyuma wanaangua kicheko wakati sisi tumeshaingia kwenye habari za mgonjwa.

Mwenyekiti akauliza nani kati yetu anajua kuogelea. Swali likatafsiriwa. Kimya nacho kikatafsiriwa. Mama wa mapacha akakagua kucha zake. Fundi cherehani, ambaye ndiye aliyepima vioo vyote kwa ajili ya mapazia, akaangalia dirishani. Nikasema, katika kuchangamsha mazungumzo tu, kwamba mimi nimekulia kando ya mto.

Mdomo umeponza kichwa. Makofi! Ya mbele, ya katikati, ya nyuma.

Baba watoto kacheka hadi kakaa chini. Anasema mimi huogelea kama bata mwenye majivuno, shingo juu. Ni kweli. Kichwa changu hakijawahi kuingia majini kwa hiari yangu. Mama mkwe kanitazama kutoka kwenye kochi: "Mwali wangu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Ndiyo, Mama, lakini nilikuwa sijavua hata kiatu!

Alhamisi, 6 Machi

Mwenye ruhusa ya kufundisha na kutahini waokoaji katika mji huu ni mmoja tu. Mzee mnene, mwalimu wa michezo mstaafu, wote wanamwita Kocha. Nimemkuta bwawani anafunga kamba za mistari.

Na hii ndiyo kali ya leo: saa tuliyopewa ni yake! Kila Jumapili asubuhi yeye na wazee wenzake sita huogelea pale, tangu wakiwa na nywele. Baraza limetazama ratiba, likaona wazee saba tu, likasema hapo panafaa.

Nikajua nimeumbuka. Lakini sikuzungusha maneno. Nikamweleza yote.

Kanitazama. "Kwa hiyo nikufundishe, halafu uninyang'anye saa yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Kacheka hadi kikohozi kikampata. "Haya. Vua viatu."

Jumapili, 9 Machi

Klorini puani, klorini masikioni, chai inanuka klorini. Nimezamisha kichwa! Mara moja, nimefumba macho, nimeshika ukingo kwa mikono yote. Kocha kasema hata paka wake ameshafanya zaidi ya hapo.

Jumapili, 16 Machi

Nimegusa sakafu ya kina kirefu!! Nimeigusa! Ni vigae, vinateleza, na kuna sarafu moja ambayo nimeiacha ilipo. Nikapanda juu nikipiga kelele, nikameza maji nusu ya bwawa. Wale wazee sita walikuwa ukingoni wanapiga makofi — na hawa ndio tunaowafukuza! Mmoja kanipa taulo yake. Nilitamani wawe na roho mbaya kidogo, ningelala vizuri zaidi.

Nimemuuliza Kocha wao wataogelea lini. Kasema watatafuta. Kisha kasema hilo si swali la mwokoaji, rudi majini.

Nyumbani nimemuonyesha Mama mkwe jinsi ya kumvuta mtu anayezama. Kakubali mto wa kochi uwe mgonjwa. Mkono mmoja chini ya kidevu, uso juu, miguu inapiga. Nimeuburuza mto sebuleni kote nikiwa chali kwenye zulia. Mama kacheka mpaka akasahau akainuka bila kushika meza. Kisha akakumbuka, akashika.

Alhamisi, 20 Machi

Siku nzima ofisini, nguo ya kuogelea iko ndani ya gauni. Asubuhi nimempeleka mama wa mapacha shuleni kwa mwanawe. Mwalimu anasema mtoto haongei, kumbe anaongea lugha mbili, tatizo hakuna anayemjibu. Mchana ofisi ya nyumba za baraza na bibi mmoja ambaye paa lake linavuja. Jioni bwawani.

Ukumbini wanawake wamemaliza mapazia. Kitambaa ni kile kisichoshika moto, baraza ndilo lililotaka. Wameshona kila moja kwa uzi wa rangi yake, eti tukitokea kwenye picha ijulikane nani kashona wapi. Picha gani tena, na mapazia yamefungwa? Tumecheka sana.

Watu wameshaanza kuniuliza wavae nini. Bibi wa paa kaninong'oneza akiuliza kama maji yanafuta ndoto mbaya. Nikamwambia tutajaribu wote pamoja.

Jumatano, 26 Machi

Nimeanguka.

Mtihani ulikuwa leo. Kuogelea umbali, nimepita. Muda, nimepita na salio! Kupiga mbizi, nimeitoa sanamu ya mpira, mfano wa mtu aliyezama, chini kwenye vigae kwa mara ya kwanza tu. Nikaivuta. Nilikuwa na furaha, jamani! Nilikuwa naona mapazia, naona magoti ya Mama majini. Maji yakaniingia jichoni karibu na ukingo, nikapangusa. Kwa mkono ule wa kidevu. Kidogo tu.

Kocha kachuchumaa ukingoni. Sanamu uso umezama. Kasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Umeniletea maiti, mwanangu."

Hakusaini. Keshokutwa baraza linakaa.

Alhamisi, 27 Machi

Habari imewasha ofisi nzima. Mwenyekiti kafika kabla yangu, kanga kiunoni, barua imeshaandikwa. Inasema mtahini ana maslahi yake: atapoteza saa yake, kwa hiyo kamwangusha mtahiniwa kwa makusudi. Inasema sisi wageni ndivyo tunavyofanyiwa katika mji huu. Inasema ubaguzi, mara tatu. Iende kwa Diwani leo, yenye sahihi yangu juu kabisa.

Na ingefaulu! Naijua kazi yangu ya kuwasemea watu barazani. Diwani anaogopa neno hilo kuliko moto, uchaguzi uko mlangoni. Angetupa saa yetu kabla ya chakula cha mchana. Na tumeshanyimwa mangapi kwa ubaguzi wa kweli, tukakosa ushahidi? Leo ushahidi umejileta wenyewe, umepigwa pasi.

Nimeishika kalamu. Kweli nimeishika.

Nikasema niliachia kidevu. Mwenyekiti kasema hilo nani analijua? Nikasema mimi. Na angekuwa bibi wa paa pale majini? Angekuwa Mama yangu? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni — mzee yule hakunionea.

"Wewe uko upande gani?" Sauti ya king'ora, na safari hii haikuwa ya furaha.

Nikasema upande wa watakaoingia majini. Nikaweka kalamu mezani. Fundi cherehani alikuwa mlangoni na pazia la mwisho mikononi, akalikunja upya ingawa lilikuwa limekunjwa. Mwenyekiti kaitia barua kwenye mkoba. Kasema anasubiri hadi kesho saa nne kasoro robo, kabla kikao hakijaanza, baada ya hapo ataipeleka kwa sahihi yake peke yake.

Nikatoka mbio kwenda kwa Kocha kuomba mtihani wa marudio. Njiani napanga maneno, nitalia au sitalia. Nafika, yeye anajua kila kitu! Mashati yake hufuliwa na dobi wetu. Dari ile haina siri.

Hakunishukuru. Hata kidogo. Kasema tu, "Kesho asubuhi. Usishibe sana." Nikiwa nimeshageuka akaongeza kuwa sanamu haitaniletea shida tena, kesho hakuna sanamu. Nani basi? Akapigapiga tumbo lake lile kubwa kwa mbali, yaani mimi hapa.

Nimemsimulia Mama mkwe. Kauliza huyo mzee ana kilo ngapi. Sijui, Mama! Mia na ushee! Kasema basi lala mapema, na kesho twende wote. Kuangalia tu, alisema. Kuangalia si kuvua.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika benchini, bwawani, nimelowa tayari. Nimemaliza umbali. Nimemaliza muda. Kocha kanipa dakika za kupumua, na nisipoandika nitapasuka!

Wako wote. Wale wazee sita wamekaa upande wa pili na taulo mabegani, kama watu walio msibani. Mwenyekiti yuko nje ya kioo, hataki kuingia, mkoba kwapani. Barua imo. Kila nikimtazama anatazama saa yake. Lakini amekuja na kanga ya pili, najua ni ya kunifunika mimi nikitoka. Hanidanganyi.

Mama mkwe yuko ukingoni kabisa kwenye kiti cha plastiki. Kafunika miguu kwa taulo asionekane na mtu hata kisigino.

Na Kocha — hapana, lazima niandike hili. Kaja amevaa suruali, shati, soksi, viatu vya kamba. Kasema anayezama havai nguo za kuogelea. Kasema pia kwamba hatanisaidia hata kidogo: hatapiga mguu, hatapumua kwa ujanja, nikiachia kidevu atakunywa maji kweli, na moyo wake daktari anaujua. Nikasema mzee, basi, tulete sanamu! Kasema sanamu haina mke anayeisubiri nyumbani, ndiyo maana uliiachia.

Kavua saa ya mkononi. Akaangaza macho kutafuta wa kumpa. Wenzake wakainuka, akawapita. Kampelekea Mama mkwe. Kisha miwani. Kisha kageuka pembeni kidogo, kwa adabu, akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso, akampa na hayo: "Nishikie, dada. Nitayahitaji."

Mama! Mama ambaye hataki mwanaume aone kisigino chake! Kapokea kwa mikono miwili. Kayaweka mapajani, kafunika na taulo, na taulo imeondoka miguuni, hajajali. Miguu yake iko wazi kwenye vigae vilivyolowa.

Sasa kanyoosha kidole, ananielekezea bwawa. Kama mama anayemtuma mtoto dukani.

Kocha anashuka ngazi za kina kirefu. Shati limejaa hewa, limevimba mgongoni. Maji yamefika kifuani. Yamefika shingoni. Anashikilia chuma cha ngazi kwa mkono mmoja na ananiangalia. Macho bila miwani, sidhani kama ananiona.

Anasema haachii chuma mpaka niweke kalamu chini.